Bungoma na Myanga: Nchi ya Chini ya Mlima Elgon na Chakula cha Wenyeji Wake

Watu wengi wa Kenya wanalijua jina la Bungoma kwa sababu ya njia tu. Msafiri aendaye Uganda kutoka Nairobi hupita Nakuru, Eldoret na Webuye, na mara afikapo njia panda ya Kanduyi gari husimama kidogo. Akina mama huja dirishani na ndizi mbivu, mahindi ya kuchoma na karanga; msafiri hununua, hula, na kabla hajamaliza kutafuna gari limekwisha kushika njia ya Malaba. Basi amepita Bungoma, wala hakuiona. Myanga, iliyo upande wa magharibi wa mji huo, ndiyo hupitwa kwa kasi zaidi, kwa kuwa mpaka umekwisha kuwa karibu na kila mtu anatafuta karatasi zake mfukoni. Hata hivyo nchi hii inayopitwa hivyo ina mambo ya zamani yenye uzito, tena ina mapishi ambayo mtu hawezi kuyakuta popote pengine.

Kwanza yafaa kujua jinsi nchi yenyewe ilivyo. Kaskazini umesimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Kilele chake kirefu, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Zamani sana mlima huo ulitoa moto, na udongo uliotokana na majivu yake ndio unaolisha watu mpaka leo. Mito mingi huteremka kutoka huko. Na mto mkubwa wa nchi hiyo, Nzoia, hutoka milima ya Cherangani, hushuka kwa maporomoko pale Webuye, kisha huenda zake mpaka ziwa la Victoria. Mji wa Bungoma wenyewe uko kwenye uwanda wa chini ya mlima, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi kidogo, mchana jua ni kali, na jioni wakati wa masika ngurumo husikika kutoka mlimani karibu kila siku.

Katika mlima huo, upande wa Kitale, yamo mapango makubwa. Pango moja, Kitum, limejulikana duniani kwa ajili ya ndovu. Usiku ndovu huingia ndani gizani wakikwaruza kuta kwa pembe zao, kwa sababu mwamba wake una chumvi. Watu wa mlimani nao walikaa katika mapango kama hayo pamoja na ng'ombe wao. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita nchi hii mwaka wa 1883, aliyaona kwa macho yake. Habari ya chumvi na ikumbukwe, maana itarudi mbele.

Kuhusu jina la Bungoma wazee hawapatani. Wengine husema limetokana na ngoma. Wengine, na maneno yao yaelekea kuwa na nguvu zaidi, husema limetokana na Wabong'om, watu wa jamaa ya Wakalenjin waliokaa hapo kabla ya Wabukusu kuenea. Wabukusu wenyewe husimulia safari ndefu ya babu zao, na katika masimulizi hayo vilima vya Mwalie, karibu na Malakisi, hutajwa sana kuwa ndiyo maskani yao ya kale. Majirani zao ni Wateso upande wa mpaka, Wasabaot mlimani na Watachoni upande wa Webuye. Siku ya soko lugha zote hizo husikika pamoja na Kiswahili, na mwenye kuuza viazi hulazimika kuzijua hesabu kwa lugha nne.

Zamani za vita Wabukusu hawakukaa katika nyumba zilizotawanyika kama leo. Walikaa katika vijiji vyenye ngome. Ukuta mnene wa udongo ulizunguka kijiji, na nje ya ukuta palichimbwa handaki. Mlango ulikuwa mwembamba, hata ng'ombe waliingia mmoja mmoja. Ndani walikaa watu na mifugo, na ndani pia zilikuwamo ghala za nafaka. Nafaka hiyo ilikuwa hasa wimbi, na hapo pana akili kubwa: wimbi ni punje ndogo sana, na dudu aharibuye mahindi hapati nafasi ya kuingia ndani yake. Wimbi lililokaushwa vema hukaa ghalani miaka mingi bila kuharibika. Kwa watu ambao adui aweza kuwazingira wakati wowote, chakula cha namna hiyo kilikuwa sehemu ya ukuta.

Ngome hizo ndizo zilizosimama mbele ya Waingereza. Wakati huo nchi hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda, wala haikuhamishwa kuwa chini ya utawala wa Afrika ya Mashariki mpaka mwaka wa 1902. Mwaka wa 1895 Bwana C. W. Hobley alikaa Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ili kuanzisha utawala. Wabukusu walikuwa na bunduki walizozipata kutokana na misafara ya biashara, nao walikataa kuzitoa. Kikosi cha askari wa Kinubi kilichotumwa kuzidai kiliangamizwa. Basi mwaka huo huo wa 1895 likaja jeshi kubwa, ndani yake Wanubi, Waganda, Wawanga na Wamasai. Ngome ya Lumboka ilipigwa kwanza, na waliosalia wakakimbilia Chetambe, juu ya vilima vya Webuye, ngome iliyoitwa kwa jina la mzee wa Kitachoni. Huko nako ukuta na handaki havikufaa kitu mbele ya silaha mpya. Watu wengi walikufa, ng'ombe walichukuliwa, wanawake na watoto walitekwa. Handaki la Chetambe laonekana hata sasa kwa mtu apandaye kilima, ingawa majani yamelifunika na watoto huchunga mbuzi ndani yake.

Baada ya vita hivyo watu walitoka ngomeni kidogo kidogo wakajenga kila mtu shambani mwake. Mji wa Bungoma ulitokea baadaye, nao ulizaliwa na reli. Reli ilifika Eldoret mwaka wa 1924, ikaendelea magharibi kwa kupita Webuye, ambayo wakati huo iliitwa Broderick Falls, ikapita Bungoma na Myanga, ikaingia Uganda kwa Tororo, na mwaka wa 1931 gari la moshi likafika Kampala. Penye stesheni palijengwa maduka ya Wahindi. Penye maduka wakulima walileta simsim, pamba na mahindi. Na penye biashara serikali ilileta ofisi. Katika miaka ya 1950 Bungoma ukafanywa makao ya wilaya ya Elgon Nyanza, na tangu mwaka wa 2013 ni makao ya kaunti. Myanga haukupata ofisi kubwa. Ulibaki soko na stesheni ya mashamba, na huenda kwa sababu hiyo mambo ya kale yamekaa huko kwa muda mrefu zaidi kuliko mjini.

Si kila jambo lilipita kwa utulivu. Mwezi wa Februari, mwaka wa 1948, huko Malakisi, polisi walipiga risasi katika mkutano wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini iliyoanzishwa na Elijah Masinde wa Kimilili, wakafa watu 11. Masinde aliwahimiza watu wairudie ibada ya mababu zao na kuyakataa mengi yaliyoletwa. Habari zake ni ndefu na zahitaji hotuba yake mwenyewe.

Katika yote yaliyoletwa, lililobadili chungu cha Mbukusu kuliko mengine ni mahindi. Mahindi yalikuwako tangu mapema, lakini Kitale, mji jirani ambao tawi la reli liliufikia mwaka wa 1926, ndio uliokuwa na kituo cha kuchunguza mbegu. Wataalamu wa Kitale walichukua mahindi yaliyokuwa yakilimwa Kenya wakayachanganya na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima huko Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1964 wakatoa mbegu chotara iliyoitwa 611. Mavuno yaliongezeka kwa namna ambayo haijapata kuonekana. Katika muda wa miaka michache tu wakulima wadogo wa nchi ya magharibi waliipokea, hata wale ambao hawakuwa na desturi ya kununua mbegu dukani. Kisha miaka ya 1970 ikaja kampuni ya sukari ya Nzoia, na mashamba mengi yakageuka kuwa ya miwa.

Wimbi halikuweza kushindana. Kulima wimbi ni kazi ya mgongo. Magugu yaotayo ndani yake hufanana nalo kabisa, hata mtu asiyezoea hung'oa wimbi akaacha gugu. Kupalilia ni kwa mikono, kuvuna ni kwa kisu, suke kwa suke, kisha kupiga, kupepeta na kusaga juu ya jiwe. Kazi hiyo yote ilikuwa ya wanawake. Mwenye kuwalaumu kwa kuchagua mahindi na aanze yeye kupalilia robo eka ya wimbi siku moja tu, kisha aseme.

Lakini ladha haisahauliki upesi. Ugali wa wimbi, busuma bwa bulo kwa Kibukusu, una rangi ya udongo mwekundu uliolowa. Huwa mzito na hunata, na mtu akila kidogo asubuhi aweza kulima mpaka alasiri. Wengine huchanganya unga wa mtama au wa muhogo mkavu ili upate kushikamana. Wanaochunguza vyakula wameona kwamba gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, yaani madini ya kujenga mifupa, nayo ni mara nyingi kuliko mahindi. Bibi za zamani hawakuwa na mizani ya miligramu. Walijua tu kwamba mama aliyejifungua hupewa uji wa wimbi.

Pamoja na ugali huja mboga, na hapa ndipo mpishi hujulikana. Mboga za nchi hii nyingi ni chungu. Kuna mgagani, ambao Wabukusu huuita chisaka, kuna mnavu, kuna majani ya kunde, likhubi, kuna mlenda, yaani murere, ambao huteleza, kuna mitoo na majani ya maboga. Mpishi mwema hapiki moja peke yake. Huchanganya ile chungu na ile iliyo laini, ili moja iitulize nyingine. Chisaka na mnavu huchemshwa, maji machungu humwagwa, kisha hutiwa maziwa na kurudishwa motoni. Siku ya pili huongezwa maziwa na kupashwa tena, na siku ya tatu vivyo hivyo, na watu husema ile ya siku ya tatu ndiyo yenyewe. Mgeni wa mjini ambaye huonja ile ya siku ya kwanza na kukunja uso hana budi kuvumilia. Wengine hutia simsim au karanga zilizokaangwa na kusagwa mpaka zitoe mafuta.

Sasa habari ya chumvi. Nchi hii iko mbali na bahari, na zamani chumvi ya dukani haikuwako. Ndovu walikwenda pangoni. Watu walitumia majivu. Maganda ya maharagwe yaliyokauka, au magunzi ya mahindi, au maganda ya ndizi, huchomwa mpaka yawe majivu safi. Majivu hayo hutiwa katika chungu kilichotobolewa matundu madogo chini, kikawekwa juu ya chungu kingine. Maji humwagwa polepole, yakapenya, yakadondoka chini tone kwa tone, rangi yake kama chai nyepesi. Hiyo ndiyo musherekha. Kijiko kimoja au viwili hutosha katika sufuria ya kunde au murere. Mboga hulainika mara moja na kupata ladha ambayo magadi ya dukani hayaifikii, ingawa wavivu hutumia magadi hayo na kusema ni sawasawa. Si sawasawa. Kazi ya musherekha hutaka nusu siku na subira, wala hakuna anayeweza kuiharakisha, kwa kuwa maji yakimwagwa kwa haraka hutoka meupe bila nguvu.

Kuku, ingokho, ni heshima. Mgeni wa maana asipochinjiwa kuku huhesabu kwamba hakupokewa. Kila kiungo kina mwenyewe, na firigisi ni ya baba wa nyumba. Mtoto aliyeidokoa zamani alijua kitakachomfuata. Wanawake walikatazwa kuku na mayai kabisa, ingawa wao ndio waliowafuga na kuwapika. Mwiko huo umekwisha katika nyumba nyingi, wala hakuna mwanamke anayeulilia.

Kumbikumbi nao, chiswa, wana msimu wao. Mvua zikianza, watu hujenga kibanda kidogo cha vijiti na majani juu ya kichuguu, kisha hukaa wakipiga vijiti kwa mdundo wa mvua. Wadudu husikia, hudhani mvua inanyesha, hutoka na mbawa zao na kuangukia shimoni. Hukaangwa bila mafuta, kwa kuwa wana yao, wakaanikwa na kupepetwa. Ugali wa wimbi na kumbikumbi ni karamu ambayo haigharimu hata senti.

Mambo haya yote kwa muda mrefu yalionewa haya. Aliyesoma alikula kabichi, na mnavu ukaitwa chakula cha maskini. Siku hizi maneno yamegeuka. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, amezichunguza mboga hizo kwa miaka mingi na kuonyesha wingi wa protini na madini yaliyomo ndani yake. Tangu mwaka wa 2007 wataalamu wa Kenya, wakisaidiwa na watoto wa shule, waliandika majina na matumizi ya mimea ya chakula ya asili, ikapatikana kiasi cha 850. Na mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliiandika kazi hiyo katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi mila. Mwaka wa 2023 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya wimbi, mtama mdogo na uwele. Leo mnavu huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi umefungwa vizuri, kwa bei ambayo ingewashangaza mabibi wa Myanga.

Lakini kusifiwa si kulindwa. Huko Ufaransa uko mji mdogo wenye watu mia kadhaa tu, jina lake Roquefort-sur-Soulzon. Umejengwa ubavuni mwa mlima wenye mapango, na katika mapango hayo watu huivisha jibini ya maziwa ya kondoo. Mwaka wa 1411 mfalme Charles VI aliwapa watu wa mji huo peke yao haki ya kuivisha jibini hiyo, na mwaka wa 1925 ikatungwa sheria kwamba hakuna jibini nyingine iwezayo kuuzwa kwa jina la Roquefort. Mji mdogo hivyo wajulikana duniani kote kwa sababu ya chakula kimoja ambacho mgeni akikinusa mara ya kwanza hutaka kukimbia. Bungoma ina mlima, ina mapango, ina musherekha na chisaka ya siku tatu. Sheria ya kuyalinda majina hayo haijaandikwa, na wenye ujuzi wake wengi ni wanawake wazee ambao hawakuandika kitu.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalolizuia wimbi lisitoweke katika mashamba ya Wabukusu, nalo halikuamriwa na serikali wala na wataalamu. Kila baada ya miaka miwili, katika mwaka ugawanyikao kwa mbili, mwezi wa Agosti huwa mwezi wa tohara. Kijana aliyekusudia kutahiriwa huzunguka akicheza njuga na kuwaalika jamaa. Mjomba wake, ndugu ya mama, humchinjia ng'ombe na kumvika shingoni kipande cha nyama kiitwacho luliki. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, hupakwa matope, kisha hurudi nyumbani uchi kati ya umati unaoimba, akasimama uani bila kupepesa macho. Tangu hapo yeye ni wa rika lake, na marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. La mwisho likiisha, la kwanza hurudi, na mzunguko mzima huchukua kiasi cha miaka mia moja.

Lakini kabla ya hayo yote, kijana hana budi kuchota maji mwenyewe na kuyamimina katika mtungi wa pombe ya wimbi. Pombe hiyo hutengenezwa kwa kimea cha wimbi lililolowekwa, likachipuka, likakaushwa na kusagwa. Wazee huketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe, wenye kichujio kilichosukwa mwishoni. Na mrija wa mzee aliyefariki haushikwi ovyo. Unga wa mahindi waweza kuongezwa, na katika busaa ya kila siku ndio mwingi. Lakini kimea ni cha wimbi.

Kwa hiyo mwanamke wa Myanga mwenye mwana wa umri huo, hata kama shamba lake lote ni mahindi na miwa, hutenga kipande kidogo karibu na nyumba mwaka mmoja kabla. Mbegu huitoa katika kibuyu kilichotundikwa juu ya meko, mahali moshi hupita. Asipokuwa nayo huenda kwa jirani au kwa mama mkwe, wala hainunui ikiwa aweza kupewa. Hupanda mvua za Machi zianzapo, hupalilia kwa mikono, na wakati wa kuvuna hukata suke moja moja kwa kisu. Yaliyo mengi huyaweka kwa ajili ya mtungi wa Agosti. Masuke mazuri zaidi, yale yaliyojikunja kama ngumi, huyafunga pamoja kwa ukambaa, akayarudisha juu ya meko.